Mchezo Unaosikika: Burudani ya Sherehe Isiyomwacha Kitini Mgeni Asiyeona

Katika sherehe zetu nyingi, mgeni asiyeona hutunzwa vizuri mpaka pale michezo inapoanza. Hupokewa mlangoni, hutafutiwa kiti kizuri, hupakuliwa pilau na kufunguliwa soda. Kisha mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuwaita watu kati, na mgeni yule hubaki kitini akisikia vicheko asivyojua vimetoka wapi. Jirani akiwa muungwana humwinamia na kumnong'oneza kilichotokea, lakini mnong'ono humfikia wakati wenzake wameshacheka na kunyamaza. Hakuna aliyekusudia kumtenga. Mpangilio wa mchezo wenyewe ndio uliomweka pembeni.

Kila mchezo unaendeshwa na taarifa. Mchezaji anahitaji kujua zamu ni ya nani, nini kimetokea, na nani anaongoza. Taarifa hizo zikipita machoni peke yake, asiyeona hayumo. Zikipita masikioni na vidoleni, tena zikamfikia kila mtu kwa wakati mmoja, yumo kama wengine, wala hahitaji kutafutiwa kimchezo chake cha pembeni. Kwa hiyo anayepanga burudani ana kazi ya fundi: aufungue mchezo, atazame taarifa zake zinapita wapi, kisha azifungulie njia nyingine.

Mgeni wako anaona nini?

Tuanze na mgeni mwenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, ya karibu au ya mbali. Wasioona kabisa ni sehemu ndogo ya idadi hiyo. Wengi wana uoni fulani uliobaki, na kilichobaki hutofautiana kufuatana na chanzo cha tatizo.

Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu, na taa kali inayomwelekea humzidishia shida. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glaukoma, kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni: mtu anaweza kuisoma karata iliyo mkononi mwake na asiuone kabisa mpira unaomjia kutoka ubavuni. Kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina, ambako huwapata zaidi wazee, hufanya kinyume chake. Babu atavuka ukumbi bila kujikwaa, lakini hatatambua sura ya anayemsalimia wala hatasoma nukta za dadu. Watu wengi wenye ualbino wanahitaji kukisogelea kitu ili wakione vizuri, na mwanga wa jua huwatesa. Mgeni kama huyo mpe nafasi ambayo dirisha litakuwa nyuma yake. Wapo pia wenye magonjwa ya retina ya kurithi ambao mchana huona vya kutosha na giza likiingia huhitaji mkono wa mtu. Kwao, sherehe iliyoanza saa tisa alasiri huwa sherehe nyingine ifikapo saa moja usiku.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuuliza. Uliza mapema, kwa simu au mkiwa wawili, na maswali yawe ya kazi: unaona vizuri zaidi upande gani, mwanga upi unakusumbua, unasoma maandishi ya nukta nundu, michezo gani unaipenda na ipi huitaki? Kumuuliza hayo kwenye kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima ni kumgeuza kipengele cha ratiba.

Goliboli inavyofundisha

Upo mchezo mmoja ambao kila mwandaaji wa burudani angefaidika kuujua, hata kama hatauchezesha kamwe. Ni goliboli. Ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani, kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza uoni katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ulianza kushindaniwa rasmi katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1976, Toronto. Timu mbili za wachezaji 3 hukaa kwenye ncha za uwanja wenye mita 18 kwa 9. Upande mmoja hubingirisha mpira kwa nguvu kuelekea golini, na wapinzani hujilaza ubavu sakafuni kuuzuia kwa mwili mzima.

Tazama jinsi kila taarifa ilivyotafutiwa njia. Mpira una kengele ndani, hivyo unajitangaza wenyewe unakotoka na unakokwenda. Mistari ya uwanja ina kamba iliyopitishwa chini ya utepe, na mchezaji huijua nafasi yake kwa kuipapasa kwa kiganja au kwa unyayo. Mpira ukiwa mchezoni watazamaji hutakiwa kunyamaza, kwa sababu kelele zao zingefunika kengele. Na kwa kuwa wachezaji hawalingani kwa uoni uliobaki, wote huvaa miwani isiyopitisha mwanga.

Mpira wa miguu wa wasioona, uliomo Paralimpiki tangu Athens mwaka 2004, unaongeza fundisho lingine. Mpira wake unalia, na mlinzi anayemfuata mwenye mpira analazimika kutoa sauti ya kumjulisha kwamba anakuja. Akinyamaza, ni faulo. Wajibu wa kutoa taarifa umewekwa mabegani mwa anayesogea. Hakuna anayetegemewa kubahatisha.

Huna haja ya kengele za viwandani ili kuyaleta haya nyumbani. Watoto wetu wanajua kufunga mpira wa matambara kwa ajili ya chandimu. Ukitia vizibo vya soda ndani ya kopo dogo la bati na kulizungushia matambara yasiyo mazito mno, mpira utalia kila unapobingirika. Ushauri wa siku zote ulikuwa kuuvisha mpira mfuko wa plastiki ili uchakarike, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na vizibo vinasikika vizuri zaidi.

Mezani: bao, dhumna, drafti na karata

Habari njema ni kwamba michezo yetu mingi ya baraza iko tayari kwa vidole, au inakaribia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mashimo yanashikika, kete zinahesabika kwa mkono, na kete ikitua shimoni inasikika. Shimo la nyumba, kwenye mabao mengi, limechongwa mraba, hivyo kidole hulitambua papo hapo kati ya mashimo ya duara. Zaidi ya hayo, lugha ya kuusimulia mchezo ipo tangu zamani: kunamua, mtaji, takasa, kichwa, kimbi. Wachezaji wa bao hubishana kwa maneno hayo kutwa nzima bila hata kuonyesha kwa kidole.

Kinachotakiwa ni makubaliano mawili. La kwanza, anayecheza ataje alikoanzia, upande anaoelekea na alikoishia, tena asambaze kete moja moja badala ya kuzimwaga kwa kasi ya kumkanganya mpinzani. La pili, kila mchezaji awe na haki ya kupapasa bao zima kabla ya kucheza, pamoja na mashimo ya mwenzake.

Hilo la pili linahitaji kuelezwa, kwa sababu michezo mingi ya mezani ina sheria kali ya kugusa: ukishagusa kete au karata, umecheza. Sataranji ina sheria hiyohiyo, na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, limeshaipatia ufumbuzi. Mchezaji asiyeona hutumia ubao wenye matundu, na kete zake husimama ndani ya matundu hayo. Anaruhusiwa kuzigusa atakavyo. Kete huhesabiwa kuwa imeguswa pale tu inapong'olewa kwenye tundu lake. Kila hatua hutangazwa kwa sauti, mpinzani huirudia, kisha huitekeleza kwenye ubao wake. Mantiki yake inafaa meza yoyote. Kwa asiyeona, kugusa ndiko kutazama, na huwezi kumtoza mtu faini kwa kutazama. Nayo kanuni ya kutangaza na kurudia huondoa ugomvi hata kati ya wanaoona.

Dhumna nayo iko karibu sana. Vipande vyake 28 vina nukta zilizozama, na kidole gumba chenye mazoezi husoma kipande kwa mpapaso mmoja. Chagua dhumna ambazo hazijasagika kwa miaka ya kupigwa mezani, na utandike taulo au kipande cha zulia ili vipande visiteleze. Kisha kila anayecheza ataje kipande chake na ncha mbili zilizobaki wazi: "Sita-tatu. Ncha ni tatu na moja." Wazee wa baraza wenye tabia ya kutamba wanaposhusha kipande watajikuta hawana jipya la kujifunza.

Kwenye drafti, mitaa yetu imeshatatua nusu ya tatizo bila kujua. Wachezaji wengi hutumia vizibo vya soda: mmoja huvilaza kifudifudi, mwingine huvigeuza chali. Kidole kinatofautisha vya nani ni vipi bila kuuliza rangi, na kingi, ambayo ni vizibo viwili vilivyopandana, inajulikana kwa kimo chake. Tatizo lililobaki ni vizibo kuhama vinapopapaswa. Chukua kadibodi nene, kata matundu 32 yanayolingana na nyumba zinazochezewa, uigundishe juu ya ubao. Kila kizibo kitakaa tunduni mwake na ubao utasomeka kwa mkono.

Karata zinataka kazi kidogo zaidi. Karata za nukta nundu zinauzwa, na mwaka 2019 kampuni ya Mattel ilitoa toleo la nukta nundu la mchezo wa UNO kwa ushirikiano na shirikisho la kitaifa la wasioona la Marekani. Unaweza pia kuzitoboa mwenyewe ukiwa na kibao na kalamu ya nukta nundu. Weka alama kwenye pembe mbili za mkabala, ili karata isomeke hata ikishikwa kichwa chini. Lakini kumbuka kwamba watu wengi waliopoteza uoni ukubwani hawakuwahi kujifunza nukta nundu. Kwao, karata zenye namba kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe zitafaa iwapo wana uoni hafifu. Kama hawaoni kabisa, cheza nao mchezo mwingine, kwa maana iko mingi. Dadu hazina taabu iwapo nukta zake zimezama: zirushwe ndani ya sinia au bakuli, zisikike zikitua, na kila mtu azipapase zisigeuke.

Uwanjani na ukumbini

Kuvuta kamba hakuhitaji marekebisho karibu yoyote. Kamba yenyewe huiambia mikono kila kitu. Mwamuzi atoe ishara ya kuanza kwa filimbi badala ya kushusha kitambaa, na ataje kwa sauti alama ya katikati inaelekea upande upi. Kupitisha katika duara zawadi iliyofungwa kwa karatasi nyingi huku muziki ukilia nako ni tayari: muziki ukikatika, aliyeishika anafungua karatasi moja. Michezo ya watoto ya kushikana mikono na kuimba, kama ukuti, humpokea mtoto asiyeona bila kubadilishwa hata hatua moja, kwa sababu mikono ya wenzake ndiyo ramani.

Mchezo wa kugombea viti ni kesi nyingine. Muziki kuzimwa ni taarifa ya sauti, hilo ni zuri, lakini kiti hakilii, na msukumano wa mwisho unaweza kumvunja mtu mkono. Ondoa viti. Muziki ukizimwa, kila mtu agande alipo. Atakayesikika akisogea, akicheka au akikohoa ametoka. Furaha inabaki, na mwamuzi bora wa mchezo huo anaweza kuwa yule mgeni asiyeona, ikiwa amependa kazi hiyo mwenyewe na siyo kwa kuwa hakuna nafasi nyingine aliyoachiwa.

Kwa kulenga shabaha, weka mtu nyuma ya ndoo agonge sufuria kwa mwiko. Mrushaji alenge sauti, na akisharusha apewe jibu lenye kipimo: "Umepita kulia kwa shubiri mbili, na umepungukiwa hatua moja." Jibu la namna hiyo humwezesha kusahihisha, lakini "Karibu upate!" halimsaidii kitu. Hapa niongeze tahadhari moja. Miongozo mingi ya kigeni hushauri kuelekeza kwa uso wa saa, kwamba kitu kiko saa tatu au saa tisa. Mswahili akisema saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tisa, upande wa kushoto. Ukiyachukua maelekezo hayo bila kukubaliana kwanza, mpira utakwenda kwa majirani. Kushoto, kulia, mbele na nyuma vinatosha.

Mbio za magunia na nyinginezo zinawezekana kwa njia mbili. Msaidizi anaweza kusimama mwisho wa njia akipiga makofi na kuliita jina la mkimbiaji, huku njia ikiwa imeondolewa viti, nyaya na mawe. Au mkimbiaji anaweza kukimbia na mwenzake wakiwa wameshika ncha mbili za kikamba, jinsi wanavyofanya wanariadha wasioona. Mkenya Henry Wanyoike alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwa mtindo huo katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Siku ile kiongozi wake ndiye aliyeishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike akawa anamhimiza na kumkokota hadi kwenye utepe, maana kanuni inamtaka mwanariadha amtangulie kiongozi wake kuvuka mstari. Kiongozi hutoa taarifa: kona inakuja, nyoosha, bado hatua kumi. Mashindano ni ya mwanariadha. Hata kwenye bethidei ya mtoto wa miaka saba, anayeshika ncha ya pili ya kamba asimchezee mwenzake.

Kwa watoto jambo hili linavuka adabu ya mwenyeji. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inawataja waziwazi: wawe na nafasi sawa na watoto wengine ya kushiriki michezo na burudani. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Serikali hazitakuja kukagua sherehe yako, lakini mtoto anayezoea kukalishwa pembeni kwenye bethidei hujifunza mapema kwamba pembeni ndiko kwake.

Michezo ya mdomo na ya pua

Utajiri wetu mkubwa uko kwenye mdomo. Kitendawili kina kila kitu ambacho mtaalamu wa ujumuishaji angekitafuta. Mtegaji hujitangaza, hadhira hujibu "Tega!", fumbo hutamkwa mara moja kwa wote, zamu hufuatana kwa sauti, na anayeshindwa hutozwa mji. Hakuna kinachopita machoni. Waandaaji huudharau mchezo huu kwa kudhani ni wa shuleni, ilhali ukiwagawa wageni upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi, na miji ikawa inahesabiwa kwa sauti, wazee na vijana watasimama vitini.

Vitanza ndimi vina nguvu hiyohiyo, na kuna michezo mingine miwili ninayoipendekeza. Wa kwanza ni kutambua wimbo: dijei apige sekunde tatu za mwanzo, na anayejua apige meza kisha ataje jina lake kabla ya kujibu. Kunyoosha mkono kusiruhusiwe, kwa sababu mkono ulionyooshwa hausikiki. Wa pili ni kutambua sauti: mgeni mmoja abadili sauti aseme neno moja, wengine wamtaje.

Viungo vya jikoni hufanya mchezo mzuri wa pua. Weka iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na binzari nyembamba katika vikombe vilivyofunikwa, ukiwa umeuliza kwanza kama kuna mwenye mzio, na timu zishindane kuvitaja. Usitegemee kwamba asiyeona atashinda moja kwa moja. Dhana ya kwamba aliyepoteza macho hulipwa masikio na pua za ajabu imeenea sana, na humweka mgeni katika mtihani asiouomba. Uhodari wake hutokana na mazoezi ya kuzingatia, na mpishi aliyekaa jikoni miaka thelathini anaweza kumwacha mbali.

Kitambaa usoni

Wazo la kwanza linalowajia waandaaji wengi ni kuwafunga wageni wote kitambaa ili "tuwe sawa". Lina hila ndani yake. Mwaka 2015 mwanasaikolojia wa Marekani Arielle Silverman, ambaye mwenyewe haoni, alichapisha pamoja na wenzake utafiti kuhusu mazoezi ya kuigiza upofu. Waliofungwa macho kwa muda mfupi walitoka wakiwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kuishi kwa kujitegemea. Sababu inaeleweka. Dakika kumi za kitambaa humpa mtu mshtuko wa siku ya kwanza, na hazimpi hata chembe ya ujuzi wa miaka iliyofuata. Mgeni wako asiyeona ana ujuzi huo. Aliyefungwa kitambaa anayumba, anaangusha vikombe, watu wanacheka, na kinachochekwa ni hali ambayo mwenzao huishi nayo kila siku.

Wachezaji wa goliboli nao hufunikwa macho, lakini hao wamefunzwa, uwanja umeandaliwa kwa mguso, na kifuniko kipo kusawazisha uoni uliobaki kati yao wenyewe. Katika sherehe, kitambaa kinaweza kufaa pale ambapo watu wameketi, hakuna wa kujikwaa, na ustadi unaopimwa ni wa pua au vidole, kama ule mchezo wa viungo. Kwa michezo ya kutembea na kukimbia, kiache. Na kisiwe kamwe adhabu ya aliyeshindwa.

Spika, mwanga na mkono wa mwenyeji

Kizuizi kikubwa zaidi katika kumbi zetu ni sauti ya spika. Asiyeona hujua alipo kwa kusikia: mlango uko kule kunakotoka upepo na sauti za barabara, meza kuu iko kule kunakosikika vijiko, rafiki yake yuko hapa kushoto anakozungumza. Muziki ukifunguliwa hadi kifua kitetemeke, vyote hivyo vinafutika kwa pamoja, na mtu aliyeingia akitembea kwa kujiamini anashindwa hata kujua aliyemsemesha ni nani. Mkubaliane na dijei kabla: wakati wa michezo muziki uzimwe au ushuke kabisa, isipokuwa pale muziki wenyewe ndio mchezo. Meza za michezo ziwe mbali na spika. Kwa wenye uoni hafifu, washa taa nyeupe tulivu juu ya meza, tandika kitambaa cha rangi moja kinachopishana na rangi ya vifaa, na uzime zile taa za kumetameta mpaka muda wa kucheza dansi ufike.

Mwongozo wa mwili ni mfupi. Jitambulishe kwa jina unapomsogelea. Mpe mkono wako, aushike juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Usimsukume wala usimvute kwa fimbo yake nyeupe. Mweleze ukumbi ulivyokaa kabla watu hawajajaa, na mwonyeshe vifaa vya mchezo avipapase mapema. Ukiondoka, sema unaondoka, asije akaendelea kuzungumza na kiti kitupu.

Na asipewe ushindi wa huruma. Anayeachiwa ashinde hujua, kwani anausikia ukimya wa wapinzani waliolegeza kamba. Vivyo hivyo zile pongezi za "tumpigie makofi ndugu yetu, naye amejaribu!" Mpe taarifa zote anazostahili, kisha mshindane naye kwa ukali uleule mnaoshindana na wengine. Akifungwa goli tano bila, ataniwe kama anavyotaniwa shemeji.

Mshereheshaji kama mtangazaji wa redio

Kwa miongo mingi mashabiki wa Simba na Yanga wamefuatilia mechi redioni, wakaruka na kulia bila kuona hata mguso mmoja. Wamewezeshwa na mtangazaji anayejua kazi yake: mpira uko kwa nani, uko wapi, unaelekea wapi, umeishia wapi. Mshereheshaji wa sherehe anapaswa kufanya vivyo hivyo. Aache maneno kama "hebu mwangalieni huyu" na "yule pale". Ataje jina, mahali na matokeo: "Mjomba Hamisi anakaribia ndoo, amerusha, ameikosa kwa hatua mbili kushoto, timu ya shangazi bado inaongoza kwa tatu kwa moja." Hapo asiyeona anacheka pamoja na wengine, na faida inawafikia pia bibi aliyekaa nyuma, akina mama walioko jikoni, na watoto wafupi waliozibwa na migongo ya watu.

Kuna jaribio rahisi la kupima maandalizi yako, na halihitaji kumfunga mtu macho. Chukua mchezo uliopanga, mpigie simu rafiki aliye mji mwingine, na watu wako waucheze huku mshereheshaji akiutangaza. Baada ya dakika tano, muulize rafiki huyo zamu ni ya nani, nini kimetokea, na nani anaongoza. Akijibu yote matatu, mchezo uko tayari. Akikwama kwenye lolote, umeshajua ni taarifa ipi bado inapita machoni peke yake, na una muda wa kuirekebisha kabla wageni hawajafika.